Hesabu ya Usiku, Pugu

Kituo cha kwanza ni jiwe lililopakwa chokaa,
cha pili mkongo wenye kovu la panga,
cha tatu shimo la zamani la udongo mweupe.
Cha nne hakina alama, nakijua kwa harufu ya popo.

Dakika kumi kila kituo. Tochi imezimwa.
Daftari gotini, kalamu imefungwa uzi shingoni isipotee,
na mimi, Kibwana wa Siwazuri, wa Gongo la Mboto,
nalipwa kusikiliza.

Kukuona ni bahati tu.
Una uzito wa yai la kuku wa kisasa,
mkia kama brashi ya kuoshea chupa,
macho umeyaazima kwa mnyama mkubwa
na hukumrudishia.
Unashika shina, unarukia shina jingine,
chinichini, pale nondo wanapopita.
Kukicha unajifunga kwenye kitita cha majani
unalala na njaa yako au na shibe yako, sijui.

Mtaani wanasema: kalewa kama komba.
Mimi sijakuona umelewa.
Yule aliyetegewa tembo mnazini ni ndugu yako mkubwa,
anayelia kama mtoto aliyesahauliwa mlangoni.
Wewe unabiringisha sauti, mara mbili, mara mbili,
kama fundi cherehani anayejaribu uzi,
akaacha,
akajaribu tena.

Sikufichi: baba alichoma mkaa humu.
Tanuri lake lilikuwa kati ya cha tatu na cha nne,
na mpaka leo pale pameota nyasi tu.
Nilikuwa na miaka minane, kazi yangu kulinda moshi,
ukigeuka buluu nimwamshe.
Ndipo nilipokusikia mara ya kwanza.
Nilidhani ni mti
unalalamika ndani ya udongo.

Kutoka ukingoni naiona Dar yote imewashwa,
taa zimepanda mpaka Chanika, zimeuzunguka msitu
kama wageni wa harusi waliozunguka sinia moja.
Ndege inashuka, tumbo lake jekundu jeupe jekundu.
Treni ya umeme inapita, unanyamaza.
Naandika: *kelele, dakika mbili.*
Baada ya treni naandika: *kimya, dakika nane.*
Daftari halina safu ya kuandika
kimya cha namna gani.

Saa tisa usiku nafungua chupa ya chai.
Tangawizi, sukari nyingi, ya kuniondolea usingizi.
Mama ameichemsha kwa mkaa wa kopo la buku,
na gunia lile nililibeba mwenyewe kutoka kwa Mzee Mindu,
na Mzee Mindu hajawahi kusema linatoka wapi,
na mimi sijawahi kumuuliza.
Nakunywa. Nakusikiliza.
Vyote viwili kwa mdomo mmoja uliofumbwa.

Mwanzoni mama aliuliza:
"Huyo komba analiwa?"
Haliwi.
"Anauzwa?"
Hauzwi.
"Basi mnamhesabia nini, mnamdai?"
Nilicheka. Nilipanda kitandani nikiwa bado natafuta jibu.

Siku hizi haulizi hivyo.
Nikiingia alfajiri, viatu vimejaa tope jeupe,
anainamia jiko, hanitazami:
"Wangapi?"
Juzi nilimwambia watano.
Jana watatu, na mmoja sina hakika.

Leo nilisimama kituo cha nne dakika kumi,
nikaiba kumi nyingine ambazo hazimo kwenye mkataba.
Popo walitoka, popo walirudi.
Kitu kilikwaruza, mara moja tu. Sikuandika.

"Wangapi?"
Nikavua kiatu cha kwanza. Nikavua cha pili.
Akasubiri, kisha akachukua koleo,
akatoa kaa moja lililokuwa bado linawaka,
akalizamisha kwenye ndoo,
na likapiga kelele kidogo, mara mbili,
sote wawili tukaligeukia.